Samaki Anayekukatia Uzi na Mabwawa ya Mutwanga

Butembo, Kimemi,
Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025

Mpendwa yaya Élisée, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina la nyumba iliyotulea sisi wawili. Habari ya afya yako, na ya mke wako Shekinah, na ya baridi ambayo wasafiri wanasema huko Gatineau huanza kuuma masikio mwezi huu wa kumi? Sisi hapa tu wazima. Mama Débora anasumbuliwa na magoti, kama ilivyo desturi yake mvua zinaponyesha, lakini bado hakuna muuzaji anayethubutu kumpunja kipimo cha maharagwe. Dada yetu Bénite amepata kazi ya ualimu Lubero. Mimi niko mwaka wa mwisho wa sheria. Masomo husimama na kuanza tena, na kila yanaposimama watu husema ni mimi niliyeyasimamisha. Mara mbili walisema kweli.

Baba yetu mkubwa Kahongya yuko nasi tangu Agosti. Tulimtoa Mutwanga kwa pikipiki hadi Beni, na kutoka Beni kwa gari, kwa sababu macho yake yameingia ukungu na daktari wa hapa anataka kuyapasua, moja baada ya jingine. Kwa sasa anatambua mchana na kivuli cha mtu, basi. Mabwawa yake manne ya samaki anayaangalia jirani. Hilo ndilo linalomnyima usingizi, si macho.

Barua hii utaipokea kutoka kwa mama Josée wa kanisa letu, anayepitia Kasindi na Kampala kuja kuwaona watoto wake huko kwenu. Usishangae kwamba sikukutumia ujumbe wa simu. Ni baba mkubwa aliyetaka karatasi, na sababu yake utaiona mbele.

Wiki tatu zilizopita ulimtumia picha tano na sauti moja. Sauti yako ilikuwa fupi: "Baba mukubwa, iko samaki moya mukubwa pembeni ya muti yenye ilianguka mu maji. Mara tatu nilimushika, mara tatu alikata uzi. Nakosea wapi?" Alitaka kuisikia mara nne. Kisha akaniamuru nimweleze picha, kwa kuwa haoni. Fikiria hali yangu, yaya. Mimi niliyebaki, mimi niliyembeba mgongoni kwenye matope ya barabara, nikalazimika kukusifu kwa kinywa changu mwenyewe: jinsi ulivyosimama, koti lako, ufito wako wa kuvulia uliopinda kama upinde, na huyo samaki ambaye wenyeji wa huko wanamwita achigan, mgongo wa kijani, kinywa kikubwa kupita adabu. Kila nilipofupisha, baba mkubwa aliuliza: "Na mukono yake, anamushika wapi?" Nikaendelea kukusifu.

Nilipofika kwenye picha unayomrudisha samaki majini, mama Débora aliacha kuchambua majani ya sombe. "Anamurudisha? Juu ya nini, alikuwa mugonjwa?" Baba mkubwa akacheka hadi akakohoa. "Hapana, Débora. Kule Poto, kwa bazungu, banavua kwa kumusalimia tu." Sikumbuki ni lini nilimchekesha hivyo.

Wivu ulinichoma kama mwiba wa samaki, na ungali unanichoma ninapoandika. Nimesimama juu ya meza mbele ya wanafunzi mia nane na kudai kila kilicho haki yetu. Lakini katika nyumba hii sikuweza kudai kitu kimoja: kwamba mzee anigeuzie uso wake kama alivyoigeuzia simu yenye sauti yako.

Haya ndiyo majibu aliyonipa nikuandikie. Nayaandika yote.

Anasema samaki hakati uzi. Fundo ndilo linalokata. Unapopitisha uzi kwenye tundu la ndoano na kuuzungusha mara tano au sita, usiukaze mkavu. Ulowanishe kwanza kwa mate, kisha uvute polepole hadi fundo lilale. Uzi mkavu ukikazwa hujichoma wenyewe, na hutaona kitu mpaka siku ya samaki mkubwa. Miaka kumi na moja nililala chini ya paa lake na sikuwahi kusikia habari ya mate.

Kila baada ya samaki, na kila baada ya kugusa mti, pitisha uzi kati ya kidole na ukucha, urefu wa mkono mmoja kutoka kwenye ndoano. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo, kata sehemu hiyo na ufunge upya. Anasema alijifunza hilo Ziwa Eduardi, alipokuwa kijana akivua samaki aitwaye semutundu, kabla vita havijamrudisha nchi kavu akachimba mabwawa. Ndoano nayo ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, inole; ikishika, inatosha.

Aliuliza kama mashine yako ya kukunjia uzi ina breki. Nilimwambia ndiyo, nimeiona pichani. Basi ameagiza uilegeze kuliko ulivyozoea: vuta uzi kwa mkono, na breki iachie kabla uzi haujafika theluthi ya nguvu zake. Samaki mkubwa huchoshwa. Ukishindana naye kifua kwa kifua pembeni ya mti, umeshindwa.

Halafu mahali pa kusimama. Wewe, kwa picha, unasimama mkabala na mti, kwa hiyo akishikwa anakimbilia matawini na wewe unamvuta kupitia humohumo. Simama ubavuni, upande ambao mti hauna matawi. Jua liwe mbele yako, ili kivuli chako kisitangulie kufika. Tembea kwa miguu laini, kwa kuwa ardhi huwapelekea samaki habari. Chambo ukirushe mbele zaidi ya mti, si juu yake, kisha ukilete hadi kwenye kivuli kama mdudu aliyepotea.

Juu ya chambo chako cha mpira, kile kinachofanana na mnyoo, alicheka kidogo, kisha akafikiri sana. Amesema maji yakipoa samaki huwa mvivu. Alivua zamani kwenye vijito baridi vya Lubero, na huko alihesabu hadi thelathini bila kutikisa mkono. Kwa hiyo mwezi huu fanya vivyo hivyo. Acha chambo kizame hadi chini, kiache kilale, kiinue urefu wa kiganja, kiache tena. Usiangalie chambo, angalia uzi pale unapoingia majini. Uzi ukitembea kando bila upepo, ni yeye. Usiruke papo hapo. Kunja uzi uliolegea hadi uhisi uzito, ndipo uinue ufito kwa mkono mmoja thabiti, na mara tu ukimshika, ushushe ncha ya ufito karibu na maji na umvute kwa ubavu. Ncha ikiwa juu, yeye naye huja juu, huruka, hutikisa kichwa, na ndoano inamtoka.

Na kama ni lazima umrudishe, lowanisha mikono kwanza. Mkono mkavu humchubua ute wake, naye atakufa mahali usipomwona. Hapo mama Débora alisema ni afadhali afe mahali anapoonwa, kwenye sufuria.

Hayo ndiyo ya uvuvi. Sasa sababu ya karatasi.

Baba mkubwa anakuuliza kama utakubali kuwa mwenye mabwawa manne ya Mutwanga. Anasema mambo ya udongo na maji hayasemwi kwenye simu. Unajua desturi ya nyumba yetu: neno la namna hiyo likishatamkwa, halirudi kinywani mpaka aliyeambiwa ajibu.

Ninakiri kosa, na ninalikiri kwako kwa kuwa ndiwe niliyekukosea. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika Alhamisi, ukurasa mmoja. Fundo nililieleza bila mate. Habari ya kidole na ukucha niliiruka. Juu ya mabwawa niliandika kwamba baba mkubwa bado anafikiri. Nilitaka samaki wako aendelee kukukatia uzi, na nilitaka mabwawa yangoje hadi mzee achoke kukungoja.

Alasiri ile aliniomba nimsomee. Nikaketi barazani, nikaishika karatasi, nikamsomea mashauri yote aliyonipa, neno kwa neno, hata yale ambayo hayakuandikwa. Nilisoma vizuri. Unanijua, kwa kusema sishindwi.

Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisugua kati ya vidole, akaigeuza, akaisugua tena. "Honorable," akasema, maana siku hizi ndilo jina langu nyumbani, kana kwamba mimi ni mbunge, "maneno yote ile imeenea mu karatasi moya?"

"Niliandika herufi ndogo, baba."

"Ah. Kumbe batu ya sheria banaandikaka kidogo kidogo." Akanirudishia. Angenigombeza ningejitetea, na pengine ningeshinda. Alikaa tu, uso wake ukiwa umeelekea mvua.

Ndipo nikamwuliza kwa nini ni wewe na si mimi.

Akageuka. "Hii ni mara ya kwanza unaniuliza kitu." Nilidhani ananitania, lakini hakuwa na tabasamu. "Weye unakuyaka na jibu. Asubui jibu, mangaribi jibu. Ile mwaka ya samadi, uliniuliza? Ulikuya na kitabu, ukaniambia bwawa yangu inakosa chakula. Batu bakaleta samadi kikapu kwa kikapu, juu ulisema vizuri. Siku ya tatu samaki yote tumbo juu. Na hapo tena ulinieleza juu ya nini balikufa." Akainamisha kichwa upande wangu. "Élisée aliniuliza anakosea wapi. Mutu mwenye anauliza vile, unaweza kumuachia maji."

Yaya, nilikuwa na hoja. Nilikuwa nazo saba. Kwamba wewe uko mbali na maji hayo miaka sita. Kwamba bwawa haliangaliwi kwa picha. Kwamba aliyebaki ana haki kuliko aliyekwenda, na kwamba nchi hii itakufa siku ile ambayo wote watakaopewa urithi wake watakuwa upande wa pili wa bahari. Bado naamini kila mojawapo. Sikutamka hata moja. Nilimwuliza ni ishara gani inayoonyesha kwamba maji ya bwawa yameanza kukosa hewa, kabla samaki hawajaelea.

Alinijibu mpaka mama Débora akatuita kula. Alinieleza jinsi samaki wanavyopanda alfajiri kunywa hewa juu ya maji, na rangi ya maji, na jinsi ya kuzamisha mkono hadi kiwiko: ukiona bado vidole vyako, maji hayana chakula, kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijalowa, acha samadi mara moja na ufungulie maji mapya ya mlimani. Aliunyoosha mkono wangu hewani kunionyesha. Sikumbuki aliwahi kuushika mkono wangu tangu nilipokuwa mtoto.

Nilimwomba pia abadilishe neno lake. Alikataa. "Nilishasema. Neno iko ku njia, na iko ya Élisée sasa." Kwa hiyo usiku huo nilichana ule ukurasa, na siku zilizofuata nikaandika huu.

Shangazi Adèle wa Beni anakusalimu na anaomba picha ya nyumba yenu. Mama Débora anakusalimu na kukukumbusha kwamba samaki ni chakula. Bénite anakusalimu kutoka Lubero. Baba mkubwa anasema "wasingya", yaani asante, kwa kumkumbuka, na ameagiza ukimtoa huyo samaki wa mtini, umpigie simu kabla hujampiga picha. Atapasuliwa jicho la kwanza tarehe tatu mwezi ujao. Mwombee.

Sasa nakuandikia kwa nafsi yangu. Ukiyakubali mabwawa, nitayaangalia kwa jina lako, na sitakudanganya tena kuhusu maji wala kuhusu uzi. Ukiyaacha, umwambie yeye, si mimi, na usiyaache kwa kunionea huruma, maana huruma yako nitaichukia kuliko picha zako. Nimezoea kusimama mbele ya watu nikiwa na jibu mfukoni. Leo sina. Nakuuliza kwa kuwa sijui utasema nini: utaniachia mabwawa?

Bwana aulinde mkono wako juu ya maji hayo ya baridi, na ayarudishe macho ya mzee wetu.

Ndugu yako akupendaye, hata katika wivu,

Octave