Jino la Nakiete Lililozibwa

Mjukuu wangu Mbonea,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mamba hatujambo, babu yako ameanza kuvuna tangawizi. Unauliza kama jino lako lililotoboka uling'oe au ulizibe.

Nilipokuwa msichana, mimi na dada yangu Nakiete tulitoboka meno mwaka uleule. Yeye alisema mapema, baba akampeleka Same mjini, daktari akakwangua uozo na kuziba tundu. Mimi niliogopa sindano, nikasema langu haliumi. Shavu lilipovimba, dawa ikawa kuling'oa.

Nilimwonea wivu hata nikachukia kumtazama akitafuna muwa. Nikawaambia wenzetu kwamba kinywani ana saruji. Maneno yakamfikia, lakini hakugomba. Aliniuliza tu, "Nilipokuuliza kama linauma, kwa nini ulinificha? Nilitaka twende wote."

Sikumsema tena, ila wivu haukuisha. Hata Jumapili iliyopita, alipocheka nje ya kanisa, nililitazama jino lile.

Nenda wakalizibe wiki hii. Nakiete ameomba namba yako akutie moyo. Nimempa, ingawa nilitaka niwe wa kwanza kukwambia.

Bibi yako,
Nanzia