Mstari wa Juu

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumepanga anwani za tovuti ya zahanati. Mimi nina kurasa za wagonjwa, shemeji ana za dawa. Ni mdogo wake mke wangu. Kazi nimembembelezea mimi kwa daktari mwenye zahanati. Sote tulikuwa na ukurasa unaoitwa “orodha” — kompyuta ikachanganyikiwa. Nikaupa kila upande jina la ukoo: orodha ya ukoo wa wagonjwa, orodha ya ukoo wa dawa. Ugomvi kwisha! Laiti koo za watu zingekuwa hivyo.

Shemeji akauliza, mpole kama maji mtungini: na ule mstari unaokamata kila anwani isiyo na mwenyewe, tuuweke wapi? Mwisho, shem, nikamjibu. Mfumo unasoma kuanzia juu. Wa kwanza kufungua mlango ndiye anayemchukua mgeni. Na ukikaa juu? Nikacheka — walio chini watangoja wageni mpaka wazeeke. Akacheka pia.

Jumatano, 5 Machi
Kesho daktari anakagua. Anataka fundi mmoja tu wa kudumu. Shemeji kaniambia nikapumzike, atamalizia yeye. Undugu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Mbele ya daktari nabonyeza “wagonjwa” — zinatoka dawa. Nabonyeza “miadi” — dawa. Daktari: kwani humu hawaumwi watu? Shemeji, kwa sauti ya msibani: upande wa shem haujaiva, nitauandika upya. Kazi kapewa yeye.

Nimefungua faili la anwani. Ule mstari — juu kabisa, unapeleka kila kitu kwenye dawa. Jumatatu alikuwa ananipima kaburi, na kamba nimemshikia mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza daktari. Asiyejua kucheza husingizia uwanja, akanijibu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Niende wapi? Njia zote zinaishia kwa shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Mke kamwandalia mdogo wake chakula cha pongezi. Sijamwambia kitu. Shemeji kaja na kompyuta, chakula hagusi. Daktari anataka kurasa za maabara kesho. Kila shemeji akizibonyeza — dawa. Akiushusha mstari, wagonjwa wangu watafufuka wazima, na daktari ataona.

Kaninong’oneza: shem, hakuna namna maabara ionekane, wako wabaki wamefichika?

Ipo — kuiandika maabara juu ya ule mstari. Kazi ya dakika moja.

Nimesema nafuata miwani, nimejifungia chumbani naandika haya. Mke anaita sebuleni: baba watoto, msaidie mdogo wangu, chakula kinapoa! Miwani ninayo usoni —