Rangi ya Ng'ombe Wangu

Jumatatu, 7 Machi 1955
Mvua. Nimesimamia wachumaji chai hadi saa nane, majani mabovu, nimegombana na kila mtu. Nyumbani hakuna maziwa. Ng'ombe wetu bado yuko kwa Arap Tonui, jirani wa ng'ambo ya mto. Alipotelea huko wiki jana. Sasa Tonui anasema ni wake, alimnunua mnadani Mulot. Mwizi asiye na haya. Sikio amelikata upya ili alama yangu isionekane.

Jumatano, 9 Machi
Wazee watakaa Jumamosi, Silibwet, kuamua kesi yetu. Mke wangu anataka kusema yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimkama. Nimemkataza. Maneno ya nini? Ninayo picha. Mpiga picha wa Kericho alitupiga picha mwaka jana, binti yetu alipobatizwa akiwa na miaka minne. Ng'ombe amesimama nyuma yetu, mwekundu, mnene. Tonui atanitambua.

Jumamosi, 12 Machi
Nina hasira. Nilisimama mbele ya wazee nikatangaza: mtu hudanganya, picha haidanganyi. Ikapita mkono kwa mkono. Tonui akaitazama, akacheka.

"Sasa wewe, huyu yako si mweusi? Hii yangu ni nyekundu, si inasimama hapo!"

Nikaitazama. Mweusi ti. Mwaka mzima nimeona wekundu mle kwa sababu ng'ombe namjua. Nikapiga kelele kwamba picha hizi hazina rangi, wekundu hutoka weusi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, shati lako pale lilikuwa rangi gani? Jeupe, nikasema. Na kwenye picha? Jeupe.

Basi. Nimepoteza ng'ombe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumapili, 13 Machi
Sikwenda kanisani. Namchukia Tonui. Nawachukia wazee. Na mpiga picha naye. Mke wangu ameitundika picha ukutani, mbele ya kiti changu. Makusudi.

Jumamosi, 5 Novemba
Jua kidogo. Tonui amepita barabarani akimswaga ng'ombe na ndama wake kwenda mnadani. Nilikuwa nimekaa mlangoni na binti yetu. Akauliza yule mwekundu mzuri ni wa nani. Nikamwambia ni wetu, ndiye aliyekunywesha maziwa.

"Hapana, baba. Yetu ilikuwa mweusi, si iko pale ukutani."

Nimechoka kubishana. Nikamwambia ni wa Tonui.