Saa ya Maji

Jumatatu, tarehe 15, mwezi wa kwanza

Vikombe vitano leo. Cha sita Kavira amekimwaga nyuma ya nyumba akifikiri sikumwona. Nilimwona.

Muganga wa Goma alisema tuandike vikombe kila siku. Daftari ni hii. Naandika na mengine, kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Mtoto wangu Kavira ana miaka minane, damu yake ni ya SS, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Asipate baridi. Asichoke. Anywe maji sana. Basi. Maji yakipungua, damu inakuwa nzito, inakwama ndani ya mifupa, na mtoto analia mpaka sauti inaisha. Nimeisikia ikiisha. Sitaki kuisikia tena.

Lakini hataki kunywa. Akinywa anakojoa kitandani. Na shuleni choo kiko mbali, akiomba ruhusa mara tatu darasa lote linacheka. Kwa hiyo anafunga mdomo. Amechagua maumivu kuliko aibu. Miaka minane.

Jumamosi, tarehe 20

Mdogo wangu Kakule amefika hapa kwetu Kibabi toka Butembo. Yeye ndiye anaagiza vitu China, mimi nauza hapa dukani. Amemletea Kavira saa.

Ni saa ya mpira, ya bluu, ya watoto. Haina mishale. Ndani kuna samaki. Kila nusu saa inatetemeka mkononi na samaki anafungua mdomo. Mtoto akinywa anabonyeza, samaki ananenepa. Asipokunywa, samaki anakonda na kuwa rangi ya majivu.

Nilicheka. Mke wangu Masika hakucheka. "Mimi nilimuzaa na ananishinda kumunywesha. Ndiyo kasamaki ka plastiki kataweza?"

Kameweza. Vikombe saba kabla jua kuzama.

Jumatano, tarehe 24

Nane. Jana pia nane.

Saa naichaji dukani, kwa paneli ya jua, pamoja na simu za wateja. Mwalimu alitaka kuivua siku ya kwanza, kwamba inasumbua. Sasa ikitetemeka darasa lote linakunywa. Watoto wanakuja na machupa. Kavira anaenda chooni na wenzake wawili, wanakimbia. Hakuna wa kumcheka maana wote wana mkojo.

Sijui aliyetengeneza kitu hiki ni nani. Sidhani aliwaza Kibabi. Mungu amubariki.

Jumapili, tarehe 28

Juma zima bila maumivu. Masika aliimba akisonga ugali. Miezi mingi sikuwa nimemsikia.

Naogopa furaha hii.

Kanisani nusu ya viti ilikuwa tupu. Silaha nzito zinasikika upande wa milima, tangu alfajiri. Baada ya misa Masika alisema twende Goma kwa dada yake, kesho, njia ingali wazi. Nilisema tungoje kidogo. Chumvi na sabuni zimefika juzi tu, duka limejaa. Ni mimi niliyesema tungoje. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye.

Ijumaa, tarehe 2, mwezi wa pili

Njia ya Goma imekatwa.

Masika hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Jumamosi, tarehe 3

Tumekimbia. Bomu la kwanza lilianguka nyuma ya soko saa sita mchana, la pili karibu na shule. Shule haikuwa na watu, Mungu asante. Duka nimeliacha wazi. Funguo ziko mfukoni, sijui kwa nini sikufunga.

Tumebeba hema ya plastiki, unga, paneli ndogo, bidon mbili za maji za litre tano. Watu wote wanaelekea Ntoto, upande wa Walikale, kwa njia ya miguu ya msitu.

Kwenye mteremko wa kwanza, watu wakisukumana, saa ikatetemeka. Kavira akasimama katikati ya njia. "Papa, samaki iko na kiu." Nilimfokea. Mwanamke mwenye godoro kichwani karibu atuangukie. Kavira hakusogea. Alinyoosha mkono tu kuomba bidon, kama alivyozoea. Nikampa.

Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Tumelala chini ya hema na familia mbili tusizozijua.

Jumapili, tarehe 4

Barrière msituni, njia imezibwa kwa gogo. Si askari wa serikali. Vijana wenye bunduki, macho mekundu.

Walipekua mizigo yetu, wakachukua unga nusu. Tulikuwa karibu kupita. Saa ikatetemeka. Kijana mmoja aliisikia, akamshika Kavira mkono, akauinua juu mpaka mtoto akasimama kwa vidole. Akaita wenzake. Alisema hiki ni chombo cha kuonyesha adui mahali walipo wao. Mimi nikaketishwa kwenye matope, mikono nyuma, mdomo wa bunduki shingoni. "Nani alikutuma?"

Nilisema ni ya maji. Hakuna aliyesikiliza. Nani anaamini kwamba saa ni ya maji? Hata mimi mwenyewe nilipojisikia nikisema, nilisikia uongo.

Kavira ndiye aliongea. Hakulia. "Ni ya kunikumbusha kunywa. Mimi ni mugonjwa. Angalia samaki."

"Kunywa basi, tuone."

Masika akampa bidon. Kavira akanywa, akabonyeza, samaki akanenepa. Vijana wakainama kuangalia. Wakacheka. Mmoja akaomba anywe yeye, naye abonyeze. Kwa dakika moja hawakuwa watu wabaya.

Kisha mkubwa wao akaja. Hakucheka. Aliivua saa, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda kwa kitako cha bunduki. Mara tatu. Akachukua paneli, akachukua na bidon moja iliyokuwa imejaa. Akasema tupite haraka.

Ningepaswa kumshukuru Mungu kwa shingo yangu. Nawaza bidon tu.

Jumatatu, tarehe 5

Maji yameisha asubuhi. Jua kali, upepo hakuna. Kavira ananiangalia kila baada ya muda. Mimi ndiye saa sasa na sina cha kumpa.

Saa tatu hivi tulifika kwenye mto. Watu wengi walisimama ukingoni na hakuna aliyekunywa. Mama mmoja alitushika nguo. "Musikunywe. Kule juu iko watu wamekufa ndani ya maji. Ni ya siku tatu." Nilipanda kidogo kuangalia. Kweli.

Dawa ya kusafisha maji hatuna. Kuni zote zimelowa kwa mvua ya usiku, sufuria tuliacha Kibabi.

Kavira alijinyofoa mikononi mwa mama yake akakimbilia mto. Nilimkamata. Mwezi mzima nimemwambia kunywa, kunywa, kunywa. Leo nilimshika mikono yote miwili asinywe. Aliniuma kiganja mpaka damu. "Papa, ulisema!" Hivyo tu. "Papa, ulisema!"

Nilimbeba mgongoni tukavuka. Miguu yake iligusa maji.

Chemchemi nzuri ilikuwa nyuma ya mlima. Tuliifikia saa tisa. Masaa sita. Alikunywa vikombe vitatu mfululizo na kuvitapika vyote.

Jioni miguu ikaanza kumuuma.

Jumanne, tarehe 6

Mgongoni kwangu siku nzima. Alilia mpaka mchana. Kisha sauti ikaisha, mdomo ukabaki wazi.

Vidonge vya maumivu tulimpa vyote jana.

Mvua. Watu wanatupita. Wengine wanajifunika masikio.

Jumatano, tarehe 7

Ntoto. Tumefika.

Kituo cha afya kina paa na vitanda, dawa hakina. Infirmier, muuguzi wa hapo, mwenyewe ni mkimbizi, alikuja wiki iliyopita. Alikuwa na serumu moja, maji ya mshipani, ameificha. Amempa Kavira. Alipotafuta mshipa alichoma mara tano na Kavira hakuvuta mkono hata mara moja.

"Papa, mulikawia kumupatia maji," infirmier aliniambia. Hakusema kwa ubaya.



Alhamisi, tarehe 8

Asubuhi mdomo wa Kavira umeenda upande. Mkono wa kuume haunyanyuki. Mguu wa kuume pia. Anataka kusema na ulimi hauendi.

Infirmier anasema damu imekwama kichwani. Inatakiwa hospitali kubwa, inatakiwa kuongezewa damu, leo, si kesho. Hospitali hiyo iko Goma. Kati ya hapa na Goma ni bunduki tupu. Alisema hayo yote akiangalia sakafu.

Nilitoka nje. Nikazunguka kituo mara mbili. Nikarudi.

Jumapili, tarehe 11

Misa imesomwa chini ya mti, padri alikimbia pia. Sikupokea komunyo. Masika alienda peke yake.

Kavira yuko hai. Nimeandika hivyo ili nione kwa macho.

Jumamosi, tarehe 17

Tunakaa kwa Mama Furaha. Ni mkulima wa hapa, mume wake ni muwindaji. Wametupa chumba kilichokuwa cha mbuzi, wamekifagia, wameweka majani makavu. Hawatujui. Hawaulizi tutaondoka lini.

Mume wake alisema kuna mzee ng'ambo ya mto anayejua miti ya ugonjwa wa kupooza, lakini kuna desturi za kufuata. Sisi ni Wakatoliki. Marehemu baba yangu angeniacha nife kuliko kufanya vile. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi tatu Kavira alipakwa maganda ya miti yaliyosagwa, akaimbiwa. Mkono uko vilevile. Mzee alikataa kuku niliyempelekea. Alisema hajafanya kitu.

Jumanne, tarehe 20

Leo Masika ameongea. Alikuwa akimenya ndizi.

"Siku ile ulisema tungoje."

Nilisema ndiyo.

"Na ule mto. Mimi ningemupatia yale maji."

Nilisema maji yale yangemuua. Alisema labda. Nilisema watoto wawili wa wale waliokuja nyuma yetu wakakunywa wamezikwa hapa Ntoto. Alisema anajua, aliwasaidia kuwaosha. Akasema tena: labda. Akaendelea kumenya.

Hilo "labda" litakaa ndani ya nyumba yetu mpaka tufe. Sina hasira naye. Nami huliwaza nikimgeuza Kavira upande wa pili.

Jumatatu, tarehe 26

Wanaume wanaenda Omate kuchimba dhahabu. Jirani alipita kuniita. Mimi sijawahi kushika sururu, lakini singekataa kwa ajili hiyo. Nani atambeba Kavira kwenda haja?

Anakunywa tukimpa kwa kijiko. Upande mmoja yanamwagika. Haombi. Muda ukipita bila sisi kukumbuka, hasemi kitu, anaangalia ukuta. Naogopa kulala, nisije nikasahau.

Infirmier ameondoka. Kuna mtu alisema ameelekea Kisangani kwa miguu.

Alhamisi, tarehe 29

Habari toka Kibabi, kwa mtu aliyepita huko. Duka limeungua. Nilisikia kama habari ya mtu mwingine.

Kakule hatujui aliko. Simu haishiki huku.

Jumanne, tarehe 5, mwezi wa tatu

Mama Furaha ametupa kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Ametupa na vijiti vya muhogo, mafungu mawili. Alisema mvua imeshaingia, tusichelewe.

Tulianza asubuhi. Mimi nalima, Masika anapanda. Kavira tulimkalisha kwenye mkeka, mgongo kwenye gogo, vijiti pembeni yake. Bila kuambiwa alianza kumpa mama yake kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Kimoja kilimponyoka mara nne. Tulingoja. Masika hakumsaidia. Mara ya tano alikishika.

Mama Furaha alikuja kuangalia mistari. Masika alimuuliza muhogo wa huku unakomaa lini.

"Ni ule wa kukawia, mama. Mwaka na nusu."

Niliacha kulima. Nilifikiri Masika atalia kusikia tutakaa huku muda huo wote. Aliitikia kwa kichwa tu, akafuta matope usoni kwa mkono, akamnyooshea Kavira kiganja ampe kijiti kingine.

Tulimaliza mistari minne. Mvua ikaja toka upande wa msitu. Nikamuingiza Kavira ndani, na vijiti vilivyobaki tukaviacha nje vilowe, tuvipande kesho.