Nimelivuta Jina la Mama Mkwe Kwenye Mashine

Mshauri wangu, salamu nyingi, na kabla hujacheka nakuomba unisaidie maana nimekwama na sina wa kumwambia, mume wangu ndiye wa mwisho kabisa.

Nafanya kazi mapokezi katika kliniki, na pale ukumbini tuna mashine ya kuita wagonjwa, unaandika jina, yenyewe inalisoma kwa sauti tamu ya kike, "tafadhali ingia chumba namba nne", ila majina mengine inayachinja, mtu anaitwa yuko palepale na hajui kuwa ni yeye, basi fundi wa mashine akanifundisha dawa yake, kwamba jina likigoma usiliandike kwa herufi za kawaida bali kwa alfabeti ya matamshi, ambayo kila alama ina sauti yake moja na mashine haiwezi kubisha, kuna kijistari cha juu unachokiweka mbele ya silabi unayotaka ikazwe, kuna na vitone viwili vya kuvuta irabu, na mimi nikaipenda kazi hiyo, watu wakawa wanasikia majina yao wanainuka wanatabasamu.

Sasa mama mkwe wangu, tunayeishi naye nyumba moja, huja kliniki kwetu kupima presha, na jina lake mashine ilikuwa inalitamka vizuri tu, tatizo lilikuwa mimi, kwa sababu tangu niolewe hajawahi kunitaja jina, mimi kwake ni "yule wa kaunta", yule wa kaunta ameshakula, yule wa kaunta mwambieni afunge mlango, na siku moja sebule imejaa wageni akawatambulisha watu wote, huyu mwanangu, huyu mpwa wangu, huyu jirani yetu, akafika kwangu akasema, "Na yule pale ni wa kaunta," nikatabasamu na sinia la chai mkononi lakini moyoni nilikuwa nachemka kuliko ile chai.

Alipokuja tena kupima nikalifungua jina lake, nikautoa mkazo mahali pake nikauhamishia silabi ya mwisho, halafu hiyo ya mwisho nikaivuta kwa vitone, nikaongeza vitone, nikaongeza tena, na mashine ilipomwita ikatoka sauti ya mtu anayeita mbuzi aliyevuka barabara, ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata daktari akachungulia mlangoni, nami nikainama chini ya kaunta nikijifanya natafuta kalamu.

Nilingoja aje juu, mshauri, wala hakuja juu, alisimama akajitengeneza mtandio akatembea kwa madaha mpaka chumba namba nne, alipotoka akaenda kunong'ona na fundi, na jioni akanikuta jikoni akanishika mikono yote miwili akaniita kwa jina langu, jina langu kamili, akasema, "Fundi ameniambia ni wewe uliyeniandikia vile. Kumbe mwanangu unanipenda hivi! Sijawahi kuitwa kwa heshima kama ile," nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu hapo kila mtu lazima amwite kama mashine inavyomwita, baba mkwe akiomba chumvi tu anaishiwa pumzi, na mimi nadekezwa, nawekewa mnofu kabla ya wengine, naulizwa kama miguu imevimba, maana nina mimba, na juzi mbele ya mume wangu akaliwekea tumbo langu mkono akasema akizaliwa wa kike atarithi jina lake na litatamkwa vilevile kama la mashine, na mume wangu bila hata aibu akajibu, "Sawa, mama."

Nikisema ukweli nampoteza huyu mama niliyempata juzijuzi, nikinyamaza mwanangu ataitwa kama mbuzi maisha yake yote. Nifanyeje?

Ni mimi, Wa Kaunta.

JIBU

Wa Kaunta, nimecheka, na usiniambie hukutaka nicheke. Sasa nimemaliza, kaa sawa nikuseme.

Mtu anakuja kwenu anaumwa, ana hofu, amekaa kwenye benchi gumu hajui ataambiwa nini na daktari. Kitu kimoja anachopata bila kukiomba ni jina lake kutamkwa sawasawa, na kazi hiyo umepewa wewe. Ukaigeuza fimbo! Tena kwa mama aliyekuja kupima presha! Ingempanda palepale ukumbini ungemweleza nini daktari, kwamba ni vitone? Nimekukasirikia kweli, dada.

Uchungu wako nauelewa. Kukaa nyumba moja na mtu asiyekutaja jina kunauma, na yale ya sebuleni yalikuwa ya kukudhalilisha. Lakini mdomo unao. Ungemwambia yeye, au ungemwambia mumeo, ambaye na yeye siku yake nitamshughulikia.

Haya, kama umesimama, kaa. Mama mkwe wako alinipigia simu hapa ofisini kabla barua yako haijafika. Anajua kila kitu. Siku ileile fundi alimwonyesha kwenye skrini hicho kijistari chako na msururu wako wa vitone. "Nilitaka kupasuka kwa hasira," aliniambia. "Halafu nikawaza, huyu binti amekaa akahangaika na jina langu alama kwa alama. Mtu asiyekujali hajisumbui hivyo. Nikasema basi, na mimi nitacheza."

Baba mkwe anajua, na hizo pumzi anaishiwa kwa kuzuia kicheko. Mumeo naye anajua. Kuhusu mtoto ondoa wasiwasi, mpeni jina mnalotaka, ile ilikuwa mbinu ya kukubana useme. Mama alinihakikishia kwamba, kwa vile hukosi kunisoma, ukizidiwa utaniandikia mimi, na ukiandika nisikufiche kitu. Nami sijakuficha.

Sasa fanya hivi. Kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi, rudisha mkazo mahali pake, futa vitone vyote, na uisikilize mashine ikilitamka mpaka uridhike. Mweleze msimamizi wako ulichofanya kabla hajakisikia kwa wengine, na ukipewa onyo lipokee kimya. Alfabeti hiyo usiiguse tena ukiwa na hasira. Jioni nenda kwa mama mkwe wako, uombe radhi bila kuanza na habari za wageni na sinia. Ya sebuleni na yeye anayajua, atayasema mwenyewe.

Lakini kuna jambo moja bado. Nilimwuliza kwa nini muda wote huo hakukuita kwa jina, na nilimwuliza kwa ukali. Akasema, "Na yeye hajaniita mama hata siku moja. Ananipa shikamoo, anapita."

Nimeirudia barua yako kuona kama anakusingizia. "Mama mkwe" nimelikuta, na "huyu mama" nimelikuta, "mama" tupu hapana. Aliyemwita "mama" ni mumeo tu. Kwa hiyo jioni ukifika mlangoni pa chumba chake, anza na neno hilo, kwa mdomo wako mwenyewe, hata likitoka vibaya.