Mjukuu Anataka Nichague: Kwa Kasa au Kwenye Meli Iliyozama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kabla hujanisaidia nakuomba usimsikilize mtu mwingine yeyote kuhusu habari hii, maana wote wanaisimulia vibaya, mke wangu anasema nimeshindwa kuchagua kwa ubishi, mkwe wangu anasema ni uzee, na huyu kinyozi anayeniandikia, kwa sababu mimi shule niliiona kupitia dirishani tu, anasema naogopa maji. Mimi niogope maji! Miaka thelathini na moja nimefanya kazi bandarini kwenye kikosi cha wazamiaji, wale wa kukwangua na kuchomelea matumbo ya meli, na manahodha wa kigeni walikuwa wakifika wanauliza kwanza, "Yule mwenye masharubu yupo?" Kinyozi anacheka, mwache acheke, ila aandike.

Sasa sikiliza. Nina mjukuu wa kike, mtoto wa binti yangu, anafanya kazi maabara ya hospitali, na amejifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni mpaka akapewa cheti, na aliyemtia huo wazimu ni mimi kwa hadithi zangu. Tangu hajaota meno namsimulia nilivyoingia kwenye chumba cha injini cha meli iliyozama, giza kama ndani ya sufuria iliyofunikwa, nikachomelea bamba huku papa ananichungulia dirishani. Basi mwezi uliopita akaja nyumbani na laptopu, akajibana katikati yangu na bibi yake kwenye kochi, akasema, "Babu, unatimiza miaka sabini. Likizo yangu yote tunaenda kuzamia, mimi na wewe. Chagua wapi." Akafungua picha. Sehemu ya kwanza ni kisiwa, maji ya uvuguvugu, kina mita tano hivi, matumbawe ya kila rangi, na kasa wanakatiza kama wametumwa sokoni. Sehemu ya pili ni nchi nyingine kabisa, bahari ya joto vilevile, lakini huko kuna meli ya mizigo imelala mita thelathini chini, na mkondo wake si wa mchezo.

Bibi yake akasema, "Huyu mpeleke kwa kasa, wazee wenzake."

"Aa, bibi! Kasa ni wa wanaoanza. Babu ni mtu wa meli. Si ndiyo, babu?"

Na mdomo huu, mshauri, ambao hata mimi mwenye nao haunisikilizi, ukajibu, "Meli, mama. Hao kasa wapelekee wanaonyonya."

Sasa nakupa ukweli, na kinyozi nimemwapisha kwa wembe wake. Kuzamia nilizamia, lakini miaka miwili tu, kisha siku moja kiwambo cha sikio la kushoto kikapasuka nikiwa chini, nikapandishwa nazunguka kama pia, na daktari wa bandari akasema huku chini usirudi tena maisha yako yote. Wakanipa kamba. Maana mzamiaji wa bandarini akishuka, juu kunabaki mtu ameshika kamba yake na mpira wake wa hewa, kamba ikivutwa mara moja yuko salama, mara mbili mlegezee, mara nne mpandishe upesi. Huyo wa juu ndiye mimi, miaka ishirini na tisa. Aliyeingia chumba cha injini ni mwenzangu tuliyemwita Kambare, Mungu amrehemu, alikuwa akipanda tu ananisimulia tunakunywa chai, na mimi nikifika nyumbani hadithi imeshakuwa yangu. Mke wangu anajua sikio la kushoto halisikii, ila yeye anadhani ni dharau.

Juzi mjukuu akaniletea fomu ya afya, kinyozi akanisomea, umewahi kuumia sikio, umewahi kupata kizunguzungu, nikamwambia weka hapana, hapana, hapana, mpaka kwenye "una mimba" tukaweka hapana, na hiyo peke yake ndiyo ya kweli. Fomu anaipeleka Ijumaa pamoja na jina la mahali, nami tangu siku ile ya kochi kila akitaka nithibitishe namwambia kesho. Nikisema kasa atauliza kwa nini, ananijua, hataacha mpaka aufikie mwisho. Nikisema meli, nimefikiria nishuke taratibu na pamba sikioni. Kufa siogopi, nimekula chumvi ya kutosha, ninachoogopa ni yule mtoto kuniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Nichague wapi?

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, papa hakuwepo. Hata Kambare hakumwona. Nilimwongeza mwenyewe, niliona chumba cha injini kimekaa kitupu mno.

Ni mimi, Mwenye Masharubu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Papa nimekusamehe. Fomu sijakusamehe.

Pamba, mzee? Wewe uliyeona watu wakipandishwa wanatapika, unataka kushusha sikio bovu mita thelathini kwa pamba? Maji yakipenya humo utashikwa na kizunguzungu, hutajua juu ni wapi na chini ni wapi, na mtu aliyechanganyikiwa majini hushika chochote kilicho karibu. Kitakachokuwa karibu ni mjukuu wako. Na safari hii hakuna mtu aliyeshika kamba. Unasema huogopi kufa. Je, umemuuliza yeye kama yuko tayari kufa kwa ajili ya hadithi?

Naelewa ulivyofika hapo. Uliondolewa kazi uliyoipenda ukiwa kijana, ukapewa kamba, na hakuna mtoto anayemuuliza babu yake habari za kamba. Lakini umeniandikia barua ndefu yenye masharubu na manahodha, na jambo kubwa umelipita mbio. Kambare alikuwa akipanda mzima kila siku kunywa chai. Miaka ishirini na tisa! Kwa hiyo huko juu kulikuwa na mtu anayeijua kazi yake, na hadithi zake mwenyewe hajawahi kumsimulia mtu hata moja.

Usingoje Ijumaa. Ongea naye leo jioni, kwa sababu siri yako iko kinyozini, na kinyozi wako, hata akiapa kwa wembe, ana wateja. Mwite mjukuu, bibi yake awepo, maana naye anastahili kuambiwa lile sikio lilikuwa na nini. Fomu ichaneni. Jazeni nyingine pamoja, yeye asome, wewe ujibu, kisha uende kwa daktari wa masikio, na akisema usishuke hata mita moja, usishuke hata mita moja. Atakasirika huyo binti. Mwache akasirike, na usimtanie mpaka amalize.

Mahali pa kwenda ni kisiwani, kwa kasa. Meli ataiona siku nyingine na wazamiaji wenzake, haiendi popote. Nakupeleka kisiwani kwa sababu mita tano za maji maangavu utaziona zote ukiwa kwenye boti. Mwombe mwenye boti akuachie kazi ya kufuata vipovu na kuhesabu wanaoshuka na wanaopanda. Atakupa kwa furaha, watu wa kazi hiyo huwa wanasinzia, na wewe hukusinzia miaka ishirini na tisa.

Kisha mjukuu wako atapanda, atavua miwani ya kuzamia, atakaa pembeni yako amelowa. Mdomo wako utataka kuanza. Uzuie. Kaa upande ambao sikio lako zima litamsikia, muulize, "Mama, huko chini kulikuwaje?" Halafu msikilize mpaka mwisho.