Bonde Nililolichora Kabla ya Kuliona

Jumatatu, baada ya Alasiri. Garissa inawaka. Bati linalia kwa joto, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na mimi nimekaa sakafuni nimenyoosha miguu kwa sababu magoti hayataki kukunjwa. Sijawahi kuumwa na miguu nikafurahi namna hii.

Nimetembea kutoka kibanda kimoja cha wapanda mlima hadi kingine kwenye Mlima Kenya. Mimi huyu.

Niseme ukweli wa kwa nini nilienda, maana shuleni nilisema ni mapumziko tu. Kwa miaka kumi na moja nimefundisha wasichana jiografia, na kila mwaka nachora ubaoni bonde lililochongwa na barafu: kuta mbili zimesimama wima, chini tambarare, herufi U. Muhula uliopita Nasteho wa kidato cha tatu akainua mkono, akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuliona. Darasa zima likanitazama. Nikasema ndiyo.

Uongo mtupu.

Ulinitoka kabla sijaufikiria, tena nikautia chumvi, eti huko kuna baridi kali sana. Tangu siku hiyo kila nikishika chaki naona haya. Niliposikia kuna kundi la walimu linapanda mlima likizo ya katikati ya muhula, nilijiandikisha haraka nisije nikabadili mawazo.

Hooyo, mama yangu, hakuelewa hata kidogo. Amezaliwa nyikani upande wa Elwak na ametembea maisha yake yote. Akaniuliza kama huko juu kuna kisima. Nikasema hapana. Malisho? Soko? Jamaa yetu? Hapana, hapana, hapana.

"Sasa mnafuata nini?"

Kumwambia mama yangu kwamba nimedanganya watoto wa watu, hilo lilinishinda. Akaniombea dua, akanipa sweta mbili.

Tulikuwa wanane, na kiongozi wetu alikuwa Kendi, binti wa Meru ambaye hata miaka thelathini hajafika, anayepanda mlima huku anapiga soga bila kuhema. Siku ya kwanza, hadi kibanda cha kwanza, ilikuwa rahisi. Wenzangu walinitania kwamba mtu wa Garissa ataganda kabla ya chakula cha jioni. Nikawaambia wangoje waone. Alfajiri nilitawadha kwenye kijito, maji yakauma hadi kwenye mifupa, nikaswali nje nyota zikiwa bado juu. Hapo nilijiona shujaa kwelikweli.

Siku ya pili ndiyo iliyonipata. Unatembea kutwa nzima, unapanda matuta na kushuka, ndipo uingie bondeni. Kibanda cha pili kiko mwisho kabisa wa bonde, chini ya vilele. Kufika saa tano kichwa kilikuwa kinapasuka. Saa sita nikatapika kando ya njia. Miguu ilikuwa mizima, kichwa ndicho kilichokataa. Kendi akanikalisha juu ya jiwe, akaniangalia macho, kisha akafungua begi langu. Akatoa chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwalimu, mbona zote zimejaa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu asubuhi alikuwa akituhimiza tunywe kila tukipumzika, nami nilikuwa nalowesha midomo tu na kurudisha kifuniko. Nimekulia mahali ambapo maji uliyonayo huyagusi mpaka uyaone mengine. Mpaka leo, na bomba ninalo nyumbani, naoga kwa kikombe. Kichekesho ni kwamba huko mlimani tulikuwa tunavuka vijito kila mara, viatu vyangu vimelowa chapachapa, masikio yanasikia maji yakitiririka, na bado mkono wangu ulikuwa unatunza. Nilibeba lita tatu mgongoni nikizilinda, na mwili wangu unakauka.

Kendi hakucheka. Alinieleza kwamba huko juu hewa ni kavu na mtu huishiwa maji bila kuhisi kiu. Akanipa saa moja. Ninywe taratibu, na kama ni ukavu tu, kichwa kitapungua. Kama ni mlima wenyewe umenikataa, hakitapungua, na hapo mmoja wa wapagazi wetu atanishusha. Akasema hilo halina kubembelezana.

Nikanywa. Kumaliza chupa nzima bila kiu, mchana kweupe, ilikuwa kazi kuliko kupanda. Nilijihisi mwizi. Wenzangu walitangulia na msaidizi wa Kendi, nikawaona wakipotelea nyuma ya tuta. Niliwaza nikirudi Garissa na uongo wangu vilevile, nisimame tena mbele ya wale wasichana na kuchora. Nikasema, Ya Rabbi, usinirudishe nyumbani kutoka hapa. Nikalia kidogo kwa hasira.

Saa moja ilipopita kichwa kilikuwa bado kinagonga, lakini kwa mbali. Kendi aliniuliza maswali mawili matatu, akanitembeza hatua ishirini kwa mstari, akaridhika. Twende, akasema, pole pole. Kila tulipopumzika nilikunywa bila kuambiwa.

Kisha tukamaliza tuta la mwisho, na bonde likafunguka mbele yetu.

Lilikuwa U. Wallahi, U ile ile. Kuta mbili za mwamba, chini tambarare pana, kijito katikati, na mimea ya ajabu yenye vigogo vinene na majani kama kabeji, imejipanga hadi chini ya vilele. Nikaichora hiyo U hewani kwa kidole, Kendi akaja mbio akidhani nimechanganyikiwa. Miaka kumi na moja nilikuwa nachora sawasawa kitu nilichokisoma tu! Nililia tena, na safari hii hasira haikuwepo. Kibandani nilifika wa mwisho, kabla ya Magharibi, kwa miguu yangu mwenyewe. Wenzangu wakanipigia makofi, nami nikayapokea yote.

Leo asubuhi nimeingia darasani. Sikuandaa hotuba. Nikawaambia kwamba siku ile niliposema nimeliona niliwadanganya, na kwamba sasa nimeliona.

Wakatazamana.

Nasteho akasema kwa upole, "Tulijua, mwalimu. Ulisema kuna baridi, ukanyamaza. Mtu aliyefika hawezi kunyamaza hivyo."

Mashavu yalinichoma. Kumbe tangu muhula uliopita walikuwa wananisitiri, watoto hawa. Kisha wakataka niwaambie kila kitu, nikazungumza hadi kengele ikalia. Nilipofika kwenye chupa tatu walicheka mpaka wakashikana, maana kila mmoja wao angefanya vile vile. Nikiwa nakusanya vitabu, Nasteho akauliza, "Na sisi tutaenda lini?"

Sikuwapa jibu, kwa sababu sina. Nitakuwa nalo kesho. Mwalimu mkuu hufungua ofisi saa moja asubuhi, na hata kwa magoti haya, atanikuta mlangoni.